Ajali ya Kazi Ina Kinga: Somo kwa Wakulima, Wakwezi na Wavuvi wa Jego

Mtu akianguka kutoka mnazini au akikatwa na panga shambani, majirani wanaokuja kumpa pole husema: ajali haina kinga. Maneno hayo hutuliza moyo wa aliyeumia na wa jamaa zake. Lakini yakigeuzwa kuwa kanuni ya kazi, huleta madhara, kwa sababu humfanya mkwezi wa pili apande mnazi uleule, kwa vidato vilevile vilivyooza, siku ya pili yake.

Utafiti wa miaka mingi, katika nchi nyingi na hapa hapa Kaunti ya Kwale, unaonyesha kinyume. Ajali nyingi za kazi zina chanzo kinachoonekana kabla hazijatokea. Magonjwa mengi ya kazi yana njia inayojulikana ya kuingia mwilini. Somo hili linaeleza yale ambayo watafiti wamegundua, na namna yanavyoweza kutumika Jego na vijiji vya jirani katika Wadi ya Vanga: kwenye minazi, kwenye majaruba ya mpunga, kwenye mikoko na baharini.

Ajali ya kazi na ugonjwa wa kazi

Ajali ya kazi hutokea ghafla: kuanguka, kukatwa, kuzama, kugongwa, kuumwa na nyoka. Ugonjwa wa kazi huja polepole. Mgongo wa mama aliyeinama miaka 20 akipandikiza mpunga, kikohozi cha anayepulizia dawa bila kujikinga, mkojo wa damu wa kijana anayefanya kazi ndani ya maji yaliyotuama: hayo yote yanaweza kuwa matokeo ya kazi, ingawa hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kuitaja na kusema ndiyo aliyoumia.

Kwa sababu hiyo magonjwa ya kazi husahaulika, na hasara yake ni kubwa. Mwaka 2023, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kazi zao. Kati yao, takriban 330,000 hufa kwa ajali. Waliobaki, kama milioni 2.6, hufa kwa magonjwa. Kwa hiyo kwa kila mmoja anayekufa kwa ajali, karibu wanane hufa kwa ugonjwa ambao pengine hakuna aliyeuhusisha na kazi.

Kwa nini jambo hili ni zito zaidi Jego

Kenya ina sheria mbili kuu zilizopitishwa mwaka 2007. Ya kwanza ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Hii inahusu kila mahali ambapo mtu yeyote anafanya kazi, iwe ya muda au ya kudumu. Ya pili ni Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ambayo wengi huijua kwa jina la WIBA. Hiyo ndiyo inayomtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia, na awe amemkatia bima.

Tatizo ni kwamba WIBA humlinda mtu aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira. Mvuvi mwenye ngarawa yake hana mwajiri. Mama anayelima jaruba lake hana mwajiri. Mkwezi anayezunguka na kamba yake na kulipwa kwa idadi ya minazi anaweza kuambiwa kwamba yeye ni mtu wa kujitegemea, na hapo mabishano huanza huku mguu umevunjika.

Kwa watu hao hakuna fidia inayowasubiri. Siku ambayo mgongo umevunjika, ada ya shule, unga na deni la dukani hubebwa na nyumba nzima. Kwao kinga ndiyo bima ya kwanza, na kwa wengi ndiyo bima pekee.

Onyo peke yake halitoshi

Njia rahisi ya kuzuia ajali ni kuwaambia watu wawe waangalifu. Watafiti wameipima njia hiyo. Mwaka 2008, mtandao wa kimataifa wa Cochrane ulichapisha mapitio ya tafiti zilizofanywa kuhusu kuzuia ajali za kilimo. Mapitio hayo hayakupata ushahidi kwamba mafunzo na maonyo peke yake yalipunguza idadi ya watu wanaoumia.

Hatua zinazobadilisha kazi yenyewe zimeleta mafanikio zaidi. Nchini Uswidi, wakulima wengi walikuwa wakifa kwa kulaliwa na trekta zinapopinduka. Kuanzia mwaka 1959, sheria ilitaka kila trekta jipya liwe na fremu imara ya chuma juu ya dereva. Kadiri matrekta yenye fremu yalivyoongezeka, vifo vya namna hiyo vilipungua hadi karibu kwisha. Dereva aliweza kukosea na bado akarudi nyumbani, kwa sababu trekta lenyewe lilikuwa limebadilishwa.

Kutokana na mambo kama hayo, wataalamu wa usalama hupanga kinga kwa ngazi tano, kutoka iliyo imara zaidi hadi iliyo dhaifu zaidi:

1. Kuondoa hatari kabisa.
2. Kubadilisha kifaa au njia ya kazi kwa nyingine isiyo na hatari kubwa.
3. Kuweka kizuizi kati ya mtu na hatari, kama fremu, daraja au uzio.
4. Kupanga kazi upya: saa, zamu, mapumziko, idadi ya watu.
5. Kuvaa vifaa vya kujikinga: viatu, glavu, miwani, helmeti.

Wengi huanzia ngazi ya tano kwa sababu ndiyo inayoonekana dukani. Mpango mzuri huanzia juu, ukauliza kwanza kama hatari inaweza kuondolewa, na kushuka ngazi moja baada ya nyingine pale ambapo haiwezekani.

Mnazi

Mgema hupanda mnazi uleule asubuhi na jioni. Tuseme ana minazi 10. Hizo ni safari 20 kwa siku, na kwa mwaka mzima ni safari 7,300 za kupanda na kushuka. Hata kama nafasi ya kuteleza katika safari moja ni ndogo sana, safari elfu saba huifanya kuwa kubwa. Ndiyo maana mtu mzoefu anaweza kuanguka. Uzoefu humpa ustadi, lakini pia humwongezea idadi ya safari.

Katika jimbo la Milne Bay nchini Papua New Guinea, ambako minazi ni mingi kama pwani ya Kwale, madaktari wa hospitali ya Alotau walipitia rekodi za miaka minne na kuchapisha matokeo mwaka 1984. Takriban robo ya majeruhi wote waliolazwa walikuwa wameumia kwa mambo yanayohusu miti, hasa kuanguka. Wengine waliangukiwa na nazi, jambo linalokumbusha kwamba aliye chini ya mnazi naye yuko kazini.

Kwa mnazi, ngazi za kinga zinaweza kuwa hivi:

*Kuondoa au kubadilisha.* Shamba linapopandwa upya, minazi mifupi inaweza kupandwa sehemu ya madafu. Huanza kuzaa mapema kuliko ile mirefu ya asili, na kwa miaka mingi huangulwa mtu akiwa amesimama chini. Minazi mirefu inabaki na faida yake ya kopra na mbao, kwa hiyo si lazima shamba lote libadilike. Lakini kila mnazi mfupi ni mti mmoja uliopunguzwa kwenye hesabu ya safari 7,300.

*Kifaa.* Katika Jimbo la Kerala, India, wakwezi hutumia chombo cha chuma cha miguu miwili kinachoshika shina. Mwaka 2011, Bodi ya Maendeleo ya Minazi ya India ilianza kuwafunza vijana, wanaume kwa wanawake, kukitumia, na ikawaunganisha na bima ya ajali. Kifaa cha namna hiyo kinaweza kutengenezwa na fundi wa kuchomelea, mradi kijaribiwe chini kwanza na kiwe na mkanda wa kumshika mpandaji kiunoni.

*Kupanga kazi.* Vidato vikaguliwe kabla ya kupanda, na vilivyooza visitumike. Mnazi usipandwe mara baada ya mvua, wala kwenye upepo mkali wa kusi, wala mtu akiwa amekunywa tembo. Mkwezi asiende peke yake shambani. Chini ya mnazi pasiwe na mtu wala mtoto.

Mtu akianguka, haraka ya majirani inaweza kumuumiza zaidi. Asiinuliwe kwa mikono na miguu, asikalishwe, na asipakiwe nyuma ya bodaboda. Shingo na mgongo vibaki vimenyooka. Alazwe juu ya ubao mpana au mlango uliong'olewa, afungwe asisogee, kisha apelekwe hospitali kwa gari.

Jaruba la mpunga

Mto Umba unatoka milima ya Usambara nchini Tanzania na kumwaga maji yake karibu na Vanga. Maji na udongo wake ndio unaolisha mpunga wa sehemu hizi. Maji yanayotuama nayo huleta maradhi.

Kichocho huletwa na vijidudu vinavyokua ndani ya konokono wa maji baridi, kisha huogelea na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Havikai maji ya chumvi. Dalili inayojulikana ni mkojo wenye damu. Kwa miaka mingi damu hiyo imechukuliwa na baadhi ya watu kama sehemu ya kawaida ya kukua kwa mvulana. Si kawaida. Ugonjwa usipotibiwa huharibu kibofu na figo, huweza kuleta saratani ya kibofu, na kwa wanawake huathiri njia ya uzazi na kuleta maumivu yanayofanana na magonjwa ya zinaa.

Msambweni ni miongoni mwa sehemu ambazo kichocho kimechunguzwa kwa muda mrefu zaidi Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1980. Dawa ya praziquantel huua minyoo iliyo mwilini, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena. Anayemeza dawa leo na kurudi kesho kwenye maji yaleyale anaweza kuupata tena. Kwa hiyo dawa lazima iandamane na kinga: vyoo vitumike ili mkojo na kinyesi visifike majini, vivuko vya ubao viwekwe penye njia ya kila siku, na buti za mpira zivaliwe pale kazi inaporuhusu.

Minyoo ya safura hupitia njia nyingine. Viluwiluwi vyake hukaa kwenye udongo wenye unyevu na kupenya unyayo usio na kiatu. Ndani ya tumbo hunyonya damu, na mtu huishiwa nguvu taratibu. Mkulima huonekana mvivu kumbe damu imepungua.

Kuhusu minyoo hii, Kwale imetoa funzo kwa dunia nzima. Kati ya mwaka 2015 na 2017, utafiti uitwao TUMIKIA ulifanywa katika maeneo 120 ya kaunti hii, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la Lancet. Maeneo yaligawanywa makundi matatu. Katika kundi la kwanza watoto walipewa dawa ya minyoo kupitia shule mara moja kwa mwaka. La pili, kila mtu kijijini alipewa mara moja kwa mwaka. La tatu, kila mtu alipewa mara mbili kwa mwaka.

Baada ya miaka miwili, kwenye kundi la shule pekee, walioambukizwa safura walishuka kutoka karibu 19 hadi 14 katika kila watu 100. Kwenye kundi la kijiji kizima mara mbili kwa mwaka, walishuka kutoka karibu 21 hadi 6. Sababu inaeleweka: safura hukaa sana kwa watu wazima, na watu wazima hawako shuleni, wako shambani. Ukitibu watoto ukamwacha mama anayelima pekupeku, minyoo hurudi. Hivyo, wahudumu wa afya ya jamii wanapopita nyumba kwa nyumba na dawa, mkulima asiseme ni ya watoto.

Majaruba na vichaka vya kando pia vina nyoka. Aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana, wala jeraha lisifyonzwe. Atulizwe, kiungo kisisogezwe, apelekwe hospitali mara moja. Wakati wa kuvuna na kuamia ndege, buti na fimbo ya kupapasia majani mbele ya mguu hupunguza hatari hiyo.

Mikoko, mwani na bahari

Jamii za Vanga, Jego na Kiwegu zinatunza pamoja zaidi ya hekta 460 za mikoko chini ya mradi wa Vanga Blue Forest. Kazi ya kuotesha miche na kulinda msitu hufanywa kwenye tope, penye mizizi mikali na maji yanayojaa. Kundi linaloingia mikokoni lijue saa za maji kujaa, lihesabu watu wake linapoingia na linapotoka, na liwe na viatu vilivyofungwa. Kandambili hubaki topeni, na unyayo hukutana na chaza.

Upande wa mwani, unaolimwa Kibuyuni na vijiji vingine vya pwani ya kusini, funzo linatoka Zanzibar. Mwaka 2012 watafiti, akiwemo Dkt. Flower Msuya, mtaalamu wa mwani wa Zanzibar, walichapisha utafiti kuhusu wanawake wakulima wa mwani. Wanawake hao walieleza uchovu mwingi, maumivu ya mgongo na viungo, matatizo ya macho na ya kifua, na majeraha ya makombe makali na viumbe wenye miiba. Waliiona afya yao kuwa duni kuliko ya wanawake wenzao wasiolima mwani. Mapato ya mwani yalikuwepo, lakini mwili ulilipa sehemu ya gharama.

Nyingi ya shida hizo zinapungua bila fedha nyingi. Gunia la mwani mbichi ligawanywe mara mbili. Mzigo uvutwe majini kwa mtumbwi au chelezo badala ya kubebwa kichwani. Mwani uanikwe juu ya chanja za kimo cha kiuno ili mgongo usiinamishwe. Mwanamke ale kabla ya kuingia majini, maana maji kupwa hayasubiri chakula cha mchana.

Kwa mvuvi, hatari kubwa ni kuzama. Jaketi la kuelea lililofungiwa ndani ya kisanduku halimsaidii aliyetupwa na wimbi, livaliwe. Kabla ya kutoka, aache habari kwa kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU: anakwenda wapi, na nani, na anatarajiwa kurudi saa ngapi. Simu iwekwe kwenye mfuko usioingia maji. Anayechomwa na mwiba wa taa atumbukize mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha aende zahanati, kwa sababu kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani.

Jua, dawa za wadudu na barabara

Katika mashamba ya miwa ya Nicaragua na El Salvador, maelfu ya wakataji miwa vijana waliharibika figo. Watafiti waligundua kwamba joto kali pamoja na kazi nzito bila maji ya kutosha vilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Wafanyakazi walipopewa maji, mapumziko ya mara kwa mara na kivuli, kuumia kwa figo kulipungua. Kwale nayo ina miwa, na ina jua. Kazi nzito ifanywe asubuhi na alasiri. Kikombe cha maji kinywewe kila baada ya dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Anayeanza kuchanganyikiwa au kuzimia juani apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe na kukimbizwa hospitali.

Dawa za wadudu nazo ziangaliwe kwa ngazi zilezile. Swali la kwanza liwe kama inahitajika kweli. La pili ni kama kuna nyingine isiyo kali. Dawa isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Anayepulizia asielekee upepo, afunike pua, mikono na miguu, na nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake.

Kwa mwendeshaji bodaboda, barabara ndiyo mahali pake pa kazi. Hapa kifaa cha kujikinga kina ushahidi mzito: mapitio ya tafiti mbalimbali yameonyesha kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Helmeti hiyo iwe imefungwa kidevuni, na abiria naye awe na yake.

Mwenye mwajiri anastahili nini

Wakaazi wengi hufanya vibarua kwenye mashamba makubwa, hoteli, ujenzi na viwanda. Haki zao ni hizi:

- Mkataba wa kazi unaweza kuwa wa maandishi au wa mdomo. Kukosa karatasi hakumwondolei mtu hadhi ya mwajiriwa.
- Vifaa vya kujikinga hutolewa na mwajiri, bila kumkata mfanyakazi.
- Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya.
- Ajali iliyosababisha kifo iripotiwe kwa Kurugenzi ya Huduma za Usalama na Afya Kazini, DOSHS, ndani ya saa 24. Ajali nyingine ziripotiwe ndani ya siku 7.
- Dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali au kifo.
- Kwa ulemavu kamili wa kudumu au kifo, fidia hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96.

Mahakama ya Juu iliamua tarehe 3 Desemba 2019 kwamba WIBA ni halali, na madai huanzia kwa mkurugenzi wa DOSHS kabla ya kufika mahakamani. Aliyeumia asimalizane na msimamizi kwa elfu mbili tatu za pole. Amjulishe mwajiri mapema, atibiwe, na atunze kila karatasi ya hospitali.

Asiye na mwajiri ajisajili katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, kwa kupiga *147#. SHA hugharamia matibabu. Hairudishi ujira uliopotea. Kwa hiyo kinga inabaki palepale.

Majirani kukaguana

Kwa wakulima wasio na mwajiri wala mkaguzi, Vietnam ilionyesha njia. Katika miaka ya 1990, eneo la Can Tho lilianzisha mafunzo yanayoitwa WIND, ambayo baadaye ILO iliyasambaza nchi nyingine. Hakuna mhadhara mrefu. Wakulima hutembeleana mashambani wakiwa na orodha ya ukaguzi, hutazama kwanza mazuri ambayo jirani ameshafanya, kisha kila nyumba huchagua marekebisho machache ya gharama ndogo na kuyatekeleza. Baada ya muda hurudi kuona.

Jego ina vikundi vya kina mama, BMU, kikundi cha mikoko na mikutano ya mzee wa kijiji. Kikundi kimoja kinaweza kuanza kwa daftari la shilingi mia, lenye safu tano: tarehe, kazi, kilichotokea, kilichosababisha, kilichobadilishwa. Ajali za chupuchupu ziandikwe pia, maana kidato kilichokatika bila mtu kuumia kimetoa onyo bure.

Daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu cha magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1700. Aliwataka madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Mkaazi anayefika zahanati asingoje kuulizwa. Aseme mwenyewe kwamba analima mpunga, anakwea minazi au anapulizia dawa. Maneno hayo machache humsaidia mhudumu kutafuta ugonjwa mahali pake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni kazi gani iliyoumiza watu wengi zaidi kijijini mwaka uliopita? Nani anaikumbuka kwa hesabu?
2. Kwa kazi hiyo, ni jambo gani linaweza kufanywa katika ngazi ya kwanza, ya pili au ya tatu, kabla ya kununua glavu au buti?
3. Mwenye shamba na mkwezi wakubaliane nini mbele ya shahidi kabla ya mnazi wa kwanza kupandwa?
4. Je, watu wazima wa kila nyumba walimeza dawa ya minyoo na ya kichocho mara ya mwisho ilipoletwa? Waliokosa walikuwa wapi?
5. Nani atatunza daftari, na litasomwa mbele ya watu siku gani?